Dhamana Kabla ya Pingu

Dhamana ni ahadi ya mtu kwamba akiitwa atakuja, na ni imani ya mahakama kwamba ahadi hiyo itatimizwa. Kwa desturi huombwa na mtu aliyekwisha kukamatwa. Lakini iko dhamana ya namna nyingine, iombwayo na mtu ambaye usiku huu analala nyumbani kwake, ila anahofu kwamba kesho atalala korokoroni. Nchini India iliwekwa katika sheria ya mwaka 1973. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 haiitaji kwa jina, lakini Mahakama Kuu huitoa kwa kutegemea ulinzi wa haki ambao Katiba hiyo imempa kila mtu. Swali letu ni hili: je, yafaa dhamana hiyo apewe mtu anayeshukiwa kula rushwa ili aandike taarifa ya uongo juu ya dawa za kulevya?

Kwanza tupime uzito wa kosa lenyewe. Kesi ya dawa za kulevya husimama sana juu ya karatasi moja, cheti cha mkemia. Unga uliokamatwa hauwezi kumwambia hakimu kama ni heroini au ni wanga wa muhogo. Mkemia ndiye ulimi wake. Ulimi huo ukinunuliwa, mwenye heroini hurudi kwake akicheka, na mwenye wanga huenda gerezani akilia. Mjini Boston, Marekani, mkemia wa serikali aitwaye Annie Dookhan alikiri mwaka 2013 makosa ya kughushi matokeo ya vipimo. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilifuta kesi zaidi ya 21,000 zilizoguswa na mkono wake. Kesi zilifutika, miaka ambayo watu waliipoteza gerezani haikurudi.

Si ajabu, basi, wengi wakisema kwamba mtu wa namna hii asihurumiwe, akamatwe leo na maswali yaje baadaye. Hasira hiyo ina haki yake, lakini shauri lake halina haki. Tazama kosa la mkemia mwongo ni nini hasa: ameandika jibu kabla ya kupima. Nasi tukimtia mtu kifungoni kwa kuwa tumesikia tu kwamba ni mwongo, tumefanya nini? Tumeandika jibu kabla ya kupima. Tumelilaani kosa, na papo hapo tumelitenda.

Katiba yaagiza aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikimalizika siku ambayo mahakama haifanyi kazi, husubiriwa siku ya kazi inayofuata. Kwa sababu hiyo Ijumaa ilipata sifa mbaya mjini Nairobi. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni aweza kukaa ndani hadi Jumatatu, hata kama ushahidi juu yake haujazi ukurasa mmoja. Siku hizo ni adhabu isiyo na hukumu. Dhamana ya kabla ya kukamatwa ni ngao dhidi ya hila kama hiyo. Nayo haitolewi kwa hofu tupu, kwani mwombaji sharti aonyeshe kwamba haki yake imo hatarini kwa kweli. Wala haimzuii mpelelezi kuuliza, wala haifuti mashtaka.

Mtu ataniuliza: akiwa huru, hatauharibu ushahidi? Hoja hii ni nzito, na jibu lake ni kutenganisha mwili na kalamu. Mwili waweza kuwa huru huku kalamu imefungwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 juu ya ufisadi yaamuru kwamba mtumishi wa umma akishtakiwa asimamishwe kazi kwa nusu mshahara hadi kesi iishe. Hata kabla ya mashtaka, jaji aweza kumwamuru mwombaji aiweke pasipoti yake mahakamani, aende kwa wapelelezi kila aitwapo, na asiikaribie maabara wala mashahidi.

Limebaki lililo chungu zaidi. Mitaa ya Lavington na Kawangware, magharibi ya Nairobi, inapakana. Mkubwa wa Lavington humpigia wakili wake simu usiku, na asubuhi ombi liko Milimani. Kijana wa Kawangware aliyekutwa na msokoto hajui hata kwamba ombi la namna hiyo lipo. Huiona mahakama akiwa na pingu tayari. Na akipewa dhamana ya fedha ambazo kwao hazijapata kuonekana kwa pamoja, hurudi rumande na ruhusa yake ya kutoka.

Je, kwa hiyo mkubwa anyimwe? La. Mwavuli ukiwa mdogo haupasuliwi ili wote walowe; hutafutwa mkubwa zaidi. Kijana huyu ndiye anayeumizwa kwanza na cheti cha uongo, na ndiye anayeumizwa kwanza na kifungo cha kabla ya hukumu. Haja zake mbili ni haja moja, yaani apimwe kwanza.

Wewe usomaye huenda ukawa mkemia siku moja, au askari, au hakimu. Watu watakujia na jibu tayari, wengine kwa fedha, wengine kwa kelele. Wa fedha utawatambua upesi. Jihadhari zaidi na wa kelele, kwa maana watakuwa wakisema wanaitetea haki.