Ramadhani, siku ya 16: Zamu ya Ju'ayl



Leo naanzia nyuma ya msikiti wetu. Wengi mnajua, yule mbwa koko jike amezaa kwenye rundo la matofali karibu na ukuta ambao haujaisha. Watoto watano. Tangu juzi simu yangu haipumziki. Mmoja ananiambia, "Ustadh, najisi imehamia msikitini." Mwingine ananishauri kwamba sumu ipo, usiku mmoja tu kazi imekwisha. Na kijana wetu mmoja wa bodaboda alinisubiri baada ya swala ya alasiri mpaka watu wote walipotoka, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadh, mimi huwa nawapelekea maji na makombo ya futari. Swaumu yangu ipo kweli?"

Swaumu yako ipo, mwanangu. Ila lile swali halikuniacha nilale. Nilijiuliza, tumewafundisha nini hawa vijana mpaka mmoja wao aje kuomba radhi kwa kumpa kiumbe maji, tena ndani ya Ramadhani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 8 Hijria, mwezi huu huu wa Ramadhani, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina kuelekea Makka na jeshi la watu wapatao 10,000. Njiani, walipovuka eneo la al-Arj, alimwona mbwa jike yuko juu ya watoto wake wananyonya, ananguruma kwa hofu. Mtume akamwita sahaba mmoja, Ju'ayl bin Suraqa, akamwamuru asimame pale pale mbele ya yule mbwa, ili mtu yeyote wa jeshi asimsumbue yeye wala watoto wake. Habari hii ameisimulia al-Waqidi katika kitabu chake cha vita vya Mtume. Ni habari ya sira, haimo kwa Bukhari wala Muslim. Nawaambia mapema wale wa kuniuliza sanadi kabla hawajamaliza kusoma.

Sasa mfikirie Ju'ayl. Wenzake wanampita, farasi, ngamia, watu wa kila kabila, wote macho yako Makka. Siku waliyoingoja miaka. Na yeye kapewa zamu ya kumlinda mbwa asikanyagwe. Jeshi la watu elfu kumi limepishwa pembeni kwa ajili ya mama anayenyonyesha.

Mimi zamu ile niliikimbia, ndugu zangu. Nawaambia kwa sababu mtaambiwa na wengine. Miaka michache nyuma alizaa mbwa mwingine, karibu na pale pale. Watu wakanijia kama walivyonijia juzi, nami nikajibu jibu la mtu anayetaka kuondolewa kero: "Fanyeni mnavyoona." Sikushika sumu kwa mkono wangu. Asubuhi mama alikuwa amekufa. Watoto hakuna aliyewakumbuka. Walilia usiku wa kwanza, wakalia wa pili, nasimamisha tarawehe nawasikia kupitia dirishani. Usiku wa tatu palikuwa kimya, nikasoma sura ndefu kwa utulivu, na maamuma wakasema leo kisomo kilikuwa kizuri. Nimetubia kwa Allah. Lakini ile kauli ya fanyeni mnavyoona bado naisikia masikioni.

Tuje kwenye najisi, maana najua ndiko mliko. Sisi wengi hapa ni wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mbwa ni najisi, mate yake na unyevu wake. Wenzetu wa Maliki wana kauli nyingine, kwamba mbwa aliye hai ni twahara. Hilo tuwaachie wao. Kwetu sisi hukumu inajulikana: palipoguswa na unyevu wake paoshwe mara saba, mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Akikugusa yeye mkavu na wewe mkavu, huna cha kuosha. Na udhu haukatiki kwa kumgusa mbwa, unaosha mahali palipopata najisi tu. Basi. Najisi ina maji yake na udongo wake, na Bariadi udongo hatujapungukiwa. Ila hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kwa kuwa kitu ni najisi, basi ni halali kukiua kwa njaa.

Kuna ndugu atanikumbusha hadithi ya kupungukiwa thawabu kwa anayefuga mbwa. Ni sahihi, na naiheshimu. Lakini isome mpaka mwisho: wametolewa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Sisi ni watu wa Simiyu. Nani kati yetu hana mjomba Itilima au Meatu ambaye ng'ombe wake wanalala salama kwa sababu ya mbwa? Wanafanya kazi yetu, na wakizeeka au wakizaa ovyo tunawatupa njiani, kisha tunawaita koko. Ukoko huo wamejipa wenyewe?

Na ile hadithi ya mtu wa kisimani, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mnaijua tangu madrasa. Nataka mtazame jambo moja tu. Yule mtu alikuwa na kiu kali, akateremka kisimani akanywa. Alipopanda akamkuta mbwa anahema, analamba udongo kwa kiu, akasema moyoni kwamba huyu yamempata yale yale yaliyonipata mimi. Akateremka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono ipate kukwea. Allah akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama kweli kuna ujira kwa wanyama, wakajibiwa kwamba upo kwa kila chenye uhai. Wewe uliyefunga, saa tisa ya jua hili la kwetu, ulimi umekauka, ndiye unayejua alichokijua yule mtu. Tofauti ni kwamba wewe unajua adhana ya magharibi inakuja. Yule wa kwenye matofali hajui kama kuna magharibi yake.

Simaanishi tumwache azurure tu, hapana. Kichaa cha mbwa ni balaa la kweli. Duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Mtoto akiumwa, hata mkwaruzo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo tutakusomea ukiwa umeshachomwa sindano. Na kama umefunga, sindano ya chanjo haifunguzi kwa kauli ya wanavyuoni wengi, kwa hiyo usingoje futari.

Lakini sumu haimalizi kichaa. Ukiua hawa, jalala lile lile litaita wengine kutoka kijiji jirani, wasiochanjwa. Kinachokata ugonjwa ni chanjo: mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Vijiji vinavyozunguka Serengeti, vikiwemo vya upande wetu, vimechanjiwa mbwa kwa miaka mingi sasa. Hata simba wananufaika. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia Serengeti ukaondoka na karibu theluthi ya simba wote. Chanjo hizo zinahitaji mtu wa kumshika mbwa atulie. Bwana mifugo ana mikono miwili tu.

Arusha kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa. Wanaokota mbwa waliotupwa, wanawatibu, wanawachanja, wanawahasi wasizae ovyo, kisha wanawatafutia wenyewe. Watu huenda kujitolea pale, kuogesha, kulisha, kusafisha vibanda. Wengi tukisikia hivyo tunacheka, eti mambo ya Wazungu. Jamani, Ju'ayl alikuwa Mzungu? Sisemi Bariadi tujenge kituo kesho, paa la msikiti lenyewe linavuja. Nasema tuna matofali, mama mmoja na watoto watano, na tuna vijana.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na lawama nileteeni mimi, msimwandame kijana wa bodaboda. Mbwa huyu hatapewa sumu. Mtu akifanya hivyo kwa siri ajue nimekataza, na sheria ya nchi ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili. Watoto wa madrasa wasimrushie mawe wala wasimsogelee, mbwa mwenye watoto anauma. Nimeongea na bwana mifugo, amekubali kuja kumchanja mama, na watoto wakifikia umri wao nao watachanjwa. Wafugaji wawili wameshaniomba mmoja mmoja wa zizini. Wamebaki watatu, mwenye ng'ombe au shamba aseme.

Tunahitaji watu wa zamu mpaka watakapoacha kunyonya. Kazi ni ndogo: maji asubuhi na jioni, makombo baada ya futari (mifupa ya kuku msiwape, inachoma koo), na kufukuza wenye mawe. Mpaka sasa waliojiandikisha ni wawili, yule kijana na mimi. Mimi nimechukua zamu ya baada ya alfajiri.

Kopo la mbwa ni lile jekundu, lisichanganywe na makopo ya udhu. Ndoo ya maji ya kunawia na karai la udongo safi viko uani, upande wa vyoo. Kanzu acheni nyumbani, njooni na nguo ya kazi.

Wabillahi tawfiiq. Tuonane kwenye tarawehe, in shaa Allah.