Muuzaji Awezaye Kukunyima



Tangu zamani watu wamemsifu muuzaji kwa sifa ambazo kila mmoja wetu anazijua: awe na bidhaa nzuri, asipunje mizani, awe na uso mkunjufu, na akishapokea fedha zake asimwulize mteja yasiyomhusu. Anayenunua unga haulizwi ataula na nani, wala anayenunua kanga haulizwi atamvisha nani. Husemwa kwamba biashara haigombi, na mwenye duka akiwa mgumu kwa wateja wake, haukawii mwaka atafunga mlango. Sifa hizi ni njema. Lakini je, zatosha kwa kila bidhaa? Akija mtu kununua chombo kilichotengenezwa kwa kutoa roho, yafaa muuzaji apokee fedha na kunyamaza? Na mnunuzi naye, anapochagua duka la kununulia chombo hicho, atazame bei peke yake?

Suala hili si la kubuni. Wako ndugu wengi wasemao Kiswahili ambao leo makazi yao ni Marekani, katika miji kama Columbus na Minneapolis. Sheria ya huko yamruhusu raia, na mgeni aliyepewa ukaazi wa kudumu, kununua bastola. Mmoja anafunga duka lake usiku wa manane, mwingine mtaa wake umeingiliwa na wezi, naye akaona heri awe na silaha nyumbani. Kama anunue au asinunue, hilo ni suala kubwa lenye mlango wake. Leo twauliza jambo moja tu: akishaazimia kununua, anunue kwa nani?

Yatupasa kwanza kufahamu mambo yalivyo huko. Kenya na Tanzania, mwenye kutaka silaha huanza serikalini; apate kibali, ndipo aende dukani. Marekani mambo ni mengine. Katika majimbo mengi mnunuzi huingia dukani bila ya kibali chochote, na uchunguzi wake hufanywa hapo hapo mbele ya meza ya muuzaji. Sheria ya mwaka 1968 ilimlazimisha mwenye biashara ya silaha kuwa na leseni ya serikali kuu, na yamkataza kumwuzia bastola mtu aliye chini ya umri wa miaka 21. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 ikaongeza uchunguzi, na tangu mwaka 1998 muuzaji huwauliza FBI, nalo jawabu huwa moja katika matatu: muuzie, usimwuzie, au ngoja kwanza. Hata anayeagiza bastola kwa muuzaji wa jimbo la mbali, haletewi nyumbani. Hupelekwa kwenye duka lenye leseni katika jimbo lake mwenyewe, akaichukue huko.

Basi utaona ya kuwa mwenye duka la jirani ndiye bawabu. Bastola ikishavuka meza yake, hapana mlango mwingine wa kuizuia.

Bawabu huyu amewekewa na sheria mambo ya lazima, na ameachiwa mengine katika hiari yake. Katika hayo ya hiari ndimo inamojulikana thamani ya mtu. Mfano wake ni huu. FBI wakijibu “ngoja kwanza”, na zikapita siku 3 za kazi bila ya jawabu jingine, sheria ya serikali kuu yamruhusu muuzaji auze. Hebu sikiliza neno hilo: yamruhusu. Haimlazimu. Yako maduka ambayo hungoja mpaka jawabu kamili lije, hata likichukua wiki mbili. Na yako maduka ambayo siku ya tatu ikipita hukabidhi silaha. Mwezi wa Aprili 2015, katika jimbo la South Carolina, kijana mmoja alikabidhiwa bastola kwa njia hiyo. Katika kumbukumbu zake lilikuwamo jambo la madawa ya kulevya ambalo lingetosha kumnyima, lakini wachunguzi walikuwa hawajaliona. Tarehe 17 Juni mwaka huo aliingia na bastola hiyo katika kanisa mjini Charleston, akawaua waumini 9 waliokuwa katika darasa la kusoma maandiko. Muuzaji hakuvunja sheria yoyote. Lakini je, mtu asiyevunja sheria ndiye mtu aliyetimiza wajibu wake? Sheria ni sakafu ya nyumba. Mtu hawezi kushuka chini yake, lakini hapana aliyeridhika kuishi katika nyumba yenye sakafu tupu, isiyo na kuta wala dari.

Tazama mfano wa pili, nao ni mzito zaidi. Mwezi wa Juni 2012, katika jimbo la Missouri, mama mmoja alipiga simu kwenye duka la silaha la mji wao. Akasema: binti yangu ni mgonjwa wa akili, atakuja kwenu kununua bastola, nakuombeni kwa hisani yenu msimwuzie. Akataja jina la binti yake. Siku mbili baadaye binti alikuja, uchunguzi ukapita, akauziwa. Haikupita saa moja akampiga baba yake risasi, akafa. Mama alipokwenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2016 kwamba muuzaji aweza kushitakiwa kwa kumkabidhi chombo cha hatari mtu ambaye alijua, au ilimpasa kujua, kwamba hafai kukabidhiwa. Mwaka huo huo wenye duka wakapatana na mama yule kwa dola milioni 2.2. Lakini fedha hazimfufui baba wa mtu.

Katika kisa hiki mna sababu ya kusema kwamba duka la jirani lina ubora ambao soko la mbali haliwezi kuwa nao. Mtambo wa serikali unajua yaliyoandikwa: hukumu za mahakama, amri za majaji, majina yaliyopigwa marufuku. Haujui kilio cha mama. Jirani ndiye awezaye kupigiwa simu. Jirani ndiye awezaye kumtazama mtu usoni. Lakini ujirani bila ya masikio haufai kitu, kwani duka lile la Missouri lilikuwa la jirani, nalo likasikia, kisha likafanya kama halikusikia.

Wanazuoni wa Kiislamu waliijadili mas'ala hii kabla ya kuundwa bastola ya kwanza. Waliuliza: yafaa kumwuzia zabibu mtu unayemjua kuwa atazigeuza ulevi? Yafaa kuuza silaha wakati wa fitina, watu wanapouana? Wengi wao walizuia. Na mazingatio yake, ndugu msomaji, ni haya: zabibu ni bidhaa ya halali, na upanga kadhalika. Kilichogeuza hukumu ni kile anachokijua muuzaji juu ya mnunuzi aliyesimama mbele yake. Mtu haulizwi kwa asilolijua, lakini alijualo huwa ni deni shingoni mwake, wala halifutiki kwa kusema, “Mimi nauza tu.”

Labda utasema: “Hayo ni ya muuzaji. Mimi mnunuzi sina kosa, nimekwenda kujinunulia changu kwa nia njema, yananihusu nini?” Yanakuhusu, kwa kuwa duka huishi kwa fedha zako. Mwaka 2000 idara ya serikali inayosimamia silaha ilitoa taarifa kuwa asilimia 1.2 tu ya wenye maduka ndio ambao zaidi ya asilimia 57 ya silaha zilizofuatiliwa na polisi katika mwaka 1998 zilionekana kutoka kwao. Kufuatiliwa si kuhukumiwa, na insafu yatutaka tuseme hivyo. Duka kubwa huuza nyingi. Lakini taarifa hiyo yatuonyesha kuwa maduka hayafanani. Huko Milwaukee kijana wa miaka 18 alikwenda dukani na mwenziwe aliye na umri wa kununua, akaichagua bastola yeye mwenyewe, na mwenziwe akajaza fomu kana kwamba ni yake. Ishara zilikuwa wazi, na mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo bastola iliuzwa. Mwezi uliofuata, mwaka 2009, kijana huyo aliwapiga risasi polisi wawili, wakanusurika na majeraha makubwa. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama liliamuru duka liwalipe karibu dola milioni 6. Sasa jiulize: mnunuzi mwema aliyekuwa akienda katika duka kama hilo kwa sababu “hawana maswali mengi”, je, hakuwa yeye mmojawapo wa waliolifanya liendelee kuwa wazi?

Wako watakaopinga kwa hoja mbili, nazo zastahiki kujibiwa.

Hoja ya kwanza: kumiliki bastola nyumbani ni haki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hivyo mwaka 2008, mwenye duka si kadhi hata ahukumu nani apewe haki yake. Jawabu ni kwamba haki yako ya kununua haimwondolei mwingine dhamiri yake. Kumwambia mtu “rudi wiki ijayo” si kumnyang'anya haki. Na mwenye haja ya kweli hurudi.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na yatugusa wenyewe. Ukimpa muuzaji ruhusa ya kunyima, atamnyima nani? Mwaka 2014 uwanja mmoja wa kulengea shabaha katika Arkansas, na mwaka 2015 duka moja la silaha katika Florida, yalitangaza hadharani kwamba Waislamu hawapokelewi. Je, si huyo ndiye muuzaji awezaye kunyima tunayemsifu?

La, siye. Rudi kwenye ile kanuni ya ujuzi. Aliyemnyima mtu kwa sababu ya jina lake, rangi yake au dini yake, hajui lolote juu ya mtu huyo. Amehukumu kabla ya kutazama. Aliyemnyima kwa sababu amesikia kilio cha mama, au ameona mtu mwingine akiichagua bastola na mwingine akiilipia, ametazama kwanza ndipo akahukumu. Wa kwanza amekataa kujua, na wa pili amekataa kujifanya hajui. Wote wawili hutamka neno “hapana”, lakini baina yao ni mbingu na ardhi. Na yule wa kwanza, angalia, atamwuzia bila ya swali lolote muuaji aliye na jina linalompendeza.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Tunapomzungumza mtu wa kunyimwa, kila mmoja wetu humfikiria mtu mwingine: mhalifu, mwendawazimu, adui. Lakini katika mwaka 2022 waliokufa kwa risasi Marekani walikuwa 48,204, na katika hao 27,032 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua silaha katika duka moja katika muda usiotimia wiki, na kila mmoja akajiua baada ya saa chache tu. Mwenye duka hilo hakusema, “Sheria imenipitisha.” Alifadhaika, akakaa pamoja na wauzaji wenziwe na watu wa afya, wakaandika mafunzo ya kumtambua mteja aliye katika dhiki: asiyejua lolote juu ya silaha wala hataki kujua, asiyejali itunzwe vipi, mwenye haraka, asemaye kuwa hatakaa nayo muda mrefu. Mafunzo hayo yakaenea katika majimbo mengine. Na wajuzi wa mambo haya wamethibitisha kuwa tamaa ya kujiua mara nyingi ni wimbi la muda mfupi. Wengi wa walionusurika hawakufa baadaye kwa mikono yao. Lakini bastola haimpi mtu nafasi ya kujuta.

Basi mtu wa kunyimwa aweza kuwa ni mimi, na aweza kuwa ni wewe, siku ambayo kazi imepotea, au ndoa imevunjika, au mtoto amezikwa. Siku hiyo hutakuwa na akili ya kuchagua duka. Chagua leo ukiwa na akili timamu.

Ndugu yetu mwenye kuazimia, kabla hujauliza bei, muulize mwenye duka: FBI wakichelewa kujibu, wewe hufanyaje? Muulize kama amewahi kumrudisha mteja, na kwa sababu gani. Tazama kama anakuuliza nyumbani mna watoto, na bastola utaifungia wapi. Tazama kama anakuonyesha kasha la chuma na kufuli, na kukuelekeza kwa mwalimu kabla hujafyatua risasi moja. Akikuuliza maswali, usikasirike. Na ukiona duka lisilouliza kitu, ambalo mtu huingia na fedha na kutoka na mauti mfukoni kama atokaye na paketi ya sigara, toka, hata kama bei yake ni nafuu kwa dola hamsini.

Mizani ya muuzaji wa unga huipimi siku anapokuuzia wewe tu, bali hata anapomwuzia mtoto uliyemtuma. Na muuzaji wa bastola mpime kwa siku ambayo atakuja kwake mtu wa nyumbani kwako, macho mekundu, ana haraka, nawe hupo kumzuia.