Wimbo Niliopewa Kuutunza

Je, wimbo uliofundishwa na wakubwa wako ni mali yako, hata uweze kumpa mwingine upendavyo? Swali hili laonekana dogo mpaka siku unapoombwa wimbo huo kwa heshima zote, na anayeuomba ni mwalimu wako.

Nilisomea muziki wa mataifa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Masomo yalikuwa na sehemu mbili: kupiga muziki wa watu wengine, na kutunga wetu wenyewe. Msingi wa mafunzo ya namna hii ulielezwa mwaka 1960 na Mantle Hood, mtaalamu wa Kimarekani, aliyeshikilia kwamba anayetaka kuuelewa muziki wa watu fulani hana budi ajifunze kuupiga, kama mtu ajifunzavyo lugha ya pili. Naikubali fikra hiyo. Mimi nilijifunza gamelani ya kisiwa cha Java, yaani kundi la patu na vibao vya shaba vipigwavyo kwa nyundo. Kabla ya kugusa chochote tulifundishwa kuvua viatu, na kutoruka chombo hata kimoja. Ukitaka kupita, unazunguka. Adabu ilitangulia, sauti zikafuata.

Katika utunzi tulibishana sana juu ya kuchukua. Wapo waliotaja Rorogwela, wimbo wa kubembelezea mtoto kutoka Visiwa vya Solomon, ulioimbwa na mwanamke aitwaye Afunakwa na kurekodiwa na mtafiti Hugo Zemp. Mwaka 1992 kundi la Kifaransa la Deep Forest liliitia sauti ya mama huyo katika muziki wa dansi, ukauzwa dunia nzima. Wengine walimtaja Mmarekani Steve Reich, aliyekwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, kisha akatunga kazi yake iitwayo Drumming. Yeye hakutaka kuiga sauti za ngoma zile. Alichotafuta ni jinsi midundo inavyopishana na kushikana.

Mabishano hayo yote yalimhusu mchukuaji. Mtoaji hakuulizwa habari zake. Ndipo mhadhiri mmoja aliponishauri nitumie nyimbo za unyago wa kwetu katika utunzi wangu wa mwisho. Alisema kwa wema kabisa: "Huu ni muziki wako."

Neno hilo "wako" lilininyima usingizi. Msomaji aliyelelewa pwani anajua kwamba unyago una nyimbo za aina mbili. Zipo za uwanjani, zinazosikiwa na kila apitaye. Zipo na za ndani, ambazo kungwi humfundishia mwali habari za mwili wake, ndoa na staha, naye huapishwa asizitoe kwa wasiochezwa. Za ndani sikupewa nizimiliki. Nilipewa kama mtu anavyopewa dhamana. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haijapata kuwa mwenye mtungi.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Makungwi wanazeeka, wasichana wako shuleni na mijini. Tukinyamaza, nyimbo zitazikwa pamoja na wenyewe. Tena Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliipiga ngoma ya unyago majukwaani mpaka ng'ambo. Kwa nini basi mimi nisite?

Jibu langu ni kwamba Bi Kidude alikuwa kungwi. Alicheza wasichana kwa miaka mingi, akajua kipi cha kutoa jukwaani na kipi cha kubaki ndani, na akirudi nyumbani wapo wanawake wa kumwuliza. Mwali si kungwi. Kuzaliwa mahali hakumpi mtu mamlaka ya kuwasemea wote wa mahali pale, ijapokuwa ugenini ndivyo tunavyochukuliwa. Ama wimbo wa ndani uliohifadhiwa kwenye kanda bila mwali wa kuchezwa, kilichohifadhiwa pale ni sauti tu. Mafunzo yamekwisha kufa. Chuo kinachotaka kweli kuuokoa kingefanya vyema kumsaidia kungwi apate wanafunzi huko huko aliko.

Nilimpigia simu somo yangu, nikamweleza yote. Alicheka kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, zile za uwanjani wape, hata wakizicheza vibaya. Za ndani, mwambie mwalimu wako kama ana binti amlete achezwe."

Nikatunga kwa zile za uwanjani. Nilipata alama za wastani, na mhadhiri aliandika kwamba kazi ni nzuri lakini haikuingia ndani. Hakukosea. Haikuingia.

Sisemi kwamba watu wasijifunze muziki wa wenzao. La hasha! Vyombo vya Java vilinifundisha kusikiliza kuliko vilivyopata kunifundisha vitabu. Nisemalo ni kwamba kujua kupiga ni jambo moja, na kuwa na idhini ni jambo jingine, na vyuo hupima la kwanza tu. Mwanafunzi huulizwa amejifunza nini na kwa nani. Ingefaa aulizwe pia: ni nani mwenye haki ya kukwambia umekosea, na je, amekwisha kuusikia utunzi wako? Afunakwa hakupewa nafasi ya kujibu swali hilo. Somo yangu aliipata, kwa gharama ya simu moja.

Katika Kiswahili mtunzi na mtunzaji ni maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti. Chuoni nilikwenda kutafuta la kwanza. La pili nilikuwa nimekwisha kupewa, nami sikuona sababu ya kuliuza ili nilipate la kwanza.