Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Ndugu msomaji, hivi kuonja na kula ni kitu kimoja?

Mimi naishi Nyakato, Musoma. Barabara ya Mwanza inapita Bunda na Lamadi, ziwa likiwa upande wa kulia. Wageni husimama, wakaonja sato wa kuchoma na mvinyo wa Dodoma, kisha huyoo, wameondoka. Sioni dhambi hapo. Hela yao inanunua daftari za watoto.

Lakini mfikirie sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Minofu yake husafirishwa hadi Ulaya, na mwenyeji asiye na kitu hula mapanki, yaani kichwa na mifupa. Wote wawili wamekula samaki mmoja. Tofauti ni kwamba mwonjaji amechagua, tena anaweza kuondoka. Mla mapanki hana pa kwenda.

Sasa sisi waandishi chipukizi je? Tunaionja njaa ya mvuvi, tunaiandika, tunapigiwa makofi. Kama hatujui hata bei ya nyavu zake, basi nasi ni wapita njia tu. Mwenyeji hajapona bado.