Wa sita kwenye sufuria ya watano

Swali langu ni dogo lakini limenisumbua muda mrefu. Mtu anayeishi kwa msaada, anaweza kumkirimu mwingine? Yaani kile alichopewa, kilichohesabiwa kwa vichwa vya watu wa nyumba yake, ana haki ya kumgawia mtu ambaye hayumo kwenye karatasi? Wengi watanijibu haraka: ndiyo, bila shaka, sisi ndivyo tulivyolelewa. Jibu hilo mimi halinitoshi, maana nimekua na watoto waliolala na mchuzi mtupu kwa sababu mgeni alibisha hodi wakati wa kupakua.

Nitaliongelea kwa maharagi mekundu kwa sababu ndiyo ninayoyajua. Ninakaa Nyabugogo, chumba kimoja cha kupanga, gare iko karibu kiasi kwamba nasikia makondakta wakiita abiria kabla jogoo hajawika. Vijana wengi wanaotoka Kiziba, Nyabiheke, Kigeme au Mahama kuja kutafuta shule, kazi au karatasi fulani ofisini, basi linawashusha hapa bondeni. Kazi yangu ni ya vijana, kwa hiyo namba yangu ya simu inatembea kuliko mimi. Mtu anapiga saa kumi na mbili jioni: "Dada, mabasi yamejaa, niko hapa gare." Ninaishi peke yangu, lakini Jumapili ninapika kilo moja na nusu ya maharagi. Unaelewa.

Ninayanunua kwa Mutangana, soko la hapo chini. Kuna ya njano, meupe, meusi, na yale ya mchanganyiko ambayo mama zetu wa vijijini wanapanda pamoja kwa makusudi, ili mvua ikiharibu aina moja nyingine ibaki. Mimi nachukua mekundu makubwa. Nayachambua, maana mawe hayakosekani, naosha, naloweka usiku kucha. Asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, imbabura inawaka kwa nguvu kabisa mpaka sufuria itokote, halafu napunguza mkaa. Yakiwa yametoka shambani karibuni, saa moja na nusu au mbili yanalainika. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto, unaweza kupika mpaka adhuhuri na bado yanakutazama. Waliokula maharagi ya msaada wa zamani wananielewa vizuri. Pembeni nakaanga vitunguu kwa mawese mpaka vianze kubadilika rangi, natia nyanya, sereri, chumvi, kisha namimina maharagi pamoja na supu yake. Napondaponda machache kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Dodo likiwepo naweka mwishoni. Ukila na viazi au bugali, huhitaji nyama, na mimi nadhani hata ukiipata utaiweka kando.

Sasa, mhudumu mmoja wa shirika, mtu mzuri na ninamheshimu, aliwahi kutuambia kwenye kikao kwamba tabia hii ya kulisha kila anayepita ndiyo inayofanya chakula cha mwezi kiishe kabla ya mwezi. Hoja yake haikuwa ya dharau. Alisema hivi: msaada umepimwa. Mtu mmoja anakadiriwa kuhitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Nyumba ya watu watano inapewa ya watano. Akila wa sita, hakuna muujiza unaotokea, wale watano wanakula pungufu, na mara nyingi anayepungukiwa zaidi ni mdogo asiyeweza kusema. Halafu aliyetoa ile pesa, huko mbali, aliitoa kwa ajili ya mtoto fulani. Wewe ni nani wa kubadilisha?

Ni hoja yenye uzito, na historia yetu inaiongezea uzito. Zamani PAM ilikuwa inatupa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Mwaka 2014 kambi ya Gihembe ikaanza kupokea pesa badala ya chakula, na kambi nyingine zikafuata. Kwa muda mrefu kiasi kamili kilikuwa faranga 7,600 kwa mtu kwa mwezi. Machi 2021 kikapunguzwa kwa asilimia 60 kwa sababu wafadhili hawakutoa vya kutosha, na mwaka huohuo zikaanza kategoria: wenye shida sana, wenye shida ya kati, na wale wanaoonekana wanaweza kujitegemea, ambao hawapati tena. Kwa hiyo wa sita leo siyo lazima awe mgeni wa mbali. Anaweza kuwa jirani wa mlango wa pili ambaye jana alikuwa kwenye orodha na leo hayumo.

Lakini angalia kitu kimoja. Maharagi mekundu mabichi siyo chakula. Yana sumu yake ya asili, na ukiyala mabichi, au yaliyopashwa kwa moto mdogo bila kuchemka sawasawa, yanaweza kukutapisha ndani ya saa chache. Alichotoa mfadhili ni pesa au mbegu kavu. Mtu aliyeigeuza iwe kitu cha kuingia tumboni ni yule aliyechambua mawe, akabeba maji, akatafuta moto, akakaa karibu na sufuria asubuhi nzima. Kwa hiyo mama akimpa jirani sahani, ndani ya sahani ile kuna kitu cha mfadhili na kuna kitu cha mama, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa kijiko. Anayesema "unagawa cha watu" amesahau nusu ya sahani.

Sitaki kuivuta hoja hii mbali kuliko inavyofika. Kazi yangu juu ya maharagi hainipi ruhusa ya kuyafanyia lolote. Nikiyapika vizuri sana kisha nikauza yote ninunue bia, mtoto mwenye njaa bado ana neno la kuniambia. Kupika kunanifanya niwe mtoaji wa kweli, siyo bomba tu ambalo msaada unapitia. Ila mtoaji wa kweli anaweza pia kutoa vibaya, na hapa ndipo ninapogombana na watu wangu mwenyewe.

Maana tuseme ukweli, ukarimu wetu una mtu anayeulipia, na mara nyingi siye anayesifiwa. Baba anasema "karibu, karibu, kaa ule", mgeni anaondoka akisema nyumba hii ina utu. Nani aliamka kuloweka? Nani atakwangua sufuria na kusema ameshiba? Nimeona wasichana wa darasa la sita wakikosa masomo ya jioni kwa sababu maharagi ya wageni hayajaiva. Nimeona mama akiongeza maji mara tatu kwenye mchuzi uleule, kila hodi kikombe kimoja cha maji, mpaka mwisho maharagi yanaogelea. Mkarimu ni yule anayetoa cha kwake. Anayetoa usingizi wa binti yake na sahani ya mke wake bila kuwauliza, huyo ametumia mali ya wengine, na mhudumu wa shirika akimkosoa simtetei.

Kinyarwanda kina neno ambalo napenda kulifikiria. Ubuntu ni utu, na pia ndiyo roho ya kutoa. Na kitu cha bure kinaitwa cha "ku buntu". Mzizi mmoja. Kwa hiyo ukisema tunaishi ku buntu, unaweza kumaanisha tunaishi bure, kwa kulishwa, na unaweza kumaanisha tunaishi kwa utu wa wengine. Watu wa kambini tunajua maana zote mbili na tunajua uchungu uliopo katikati yake. Kupokea peke yake, mwaka baada ya mwaka, kunakula kitu ndani ya mtu. Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule ana watoto wake sasa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu siku ya tatu ilipita tukiwa tumenyoosha mkono, shamba hakuna. Sahani ya maharagi unayompa jirani ndiyo jembe dogo lililobaki. Siku hiyo wewe ndiye mwenyeji. Ukimnyima mtu nafasi hiyo kwa jina la hesabu, umemwokolea gramu mia na umemchukulia kitu ambacho hakina gramu.

(Na maharagi yenyewe, kwa taarifa yako, ni wageni hapa. Asili yake ni Amerika, yalivuka bahari na Wareno kuanzia karne ya 16. Leo ni chakula cha Rwanda kabisa.)

Basi mpaka uko wapi? Mama yangu alikuwa na namna yake, na kadiri ninavyokua naona ilikuwa na fikra nyingi kuliko semina nilizohudhuria. Maharagi yakishaiva, kabla hajafungua mlango, alikuwa anatoa sehemu ya watoto kwanza, kwa kikombe cha plastiki, kila mtoto kikombe kimoja, anaiweka kwenye sufuria ndogo na kuifunika. Hiyo haikuguswa na mtu, hata angekuja mchungaji. Kilichobaki ndicho kilichokuwa chake na cha baba, na kutoka hicho alikaribisha. Kikiwa kidogo alimwambia mgeni wazi: "Leo ni kidogo, tukule hivyohivyo." Hakuongeza maji ili kuficha. Mgeni aliona ukweli wa nyumba, na alikuwa huru kula kidogo au kusema ameshakula.

Hapo naona mambo mawili ambayo ukarimu wa maneno hauna. Kwanza, haki ya asiyeweza kutoa ridhaa inatengwa kabla ukarimu haujaanza, kwa hiyo unachotoa ni chako kweli. Pili, mgeni haambiwi uongo. Mimi Nyabugogo sina watoto, lakini nafuata. Kijana akija namwonyesha sufuria. Na siku hizi namwambia wa kiume achambue mawe na akae na moto, wa kike apumzike, wakicheka wacheke.

Neno la mwisho nalielekeza kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, kwa sababu mnakusanya majibu yetu na majibu yanaamua kategoria. Kwenye ule utafiti wa chakula kuna maswali matano ya siku saba zilizopita: mmekula chakula msichokipenda sana, mmekopa chakula au kutegemea ndugu na marafiki, mmepunguza sahani, watu wazima wamejinyima ili watoto wale, mmeruka milo. Kila jibu lina uzito wake. Kusaidiwa na rafiki kunapewa uzito wa 2, watu wazima kujinyima 3, mengine 1. Yule aliyekula kwa jirani anaonekana kwenye namba. Jirani aliyempikia haonekani popote, au anaonekana tu kama mtu mzima aliyejinyima, kana kwamba alikaa gizani akiwa na njaa bila sababu.

Nilikuwa nimekaa pembeni siku moja mama fulani alipoulizwa mara ngapi alikopa chakula. Akasema mara mbili. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Jumanne walikula kwake watu tisa. Kijana mwenye tableti alimsikiliza kwa heshima, akatafuta kwenye kioo, akapandisha, akashusha, kisha akasoma swali lililofuata, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuandika.