Chupa ya Habasoda na Kidonge cha Tabibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mmoja katika wazee wa darsa yetu, mtu asiyekosa safu ya kwanza, alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka jana. Alilazwa, akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na alipotoka hospitali alipewa vidonge vya kupunguza kolesteroli, yaani yale mafuta yaliyomo damuni. Aliambiwa avimeze kila usiku wala asiviache. Alivimeza miezi minne. Kisha siku moja baada ya sala ya Ijumaa alisimama mbele ya meza iliyowekwa mlangoni mwa msikiti, akanunua chupa ya mafuta ya habasoda na vidonge vya kitunguu saumu, na mwenye meza akamwambia kuwa hii ndiyo dawa ya Mtume, na ile ya hospitali ni sumu ya Wazungu. Basi akaviacha vya hospitali. Hakumwambia mtu, kwani hakusikia maumivu yoyote, na kwa hivyo alidhani amepona. Baada ya miezi mingine mitano aliamka kwa sala ya alfajiri, akaona mkono wake na mguu wake wa kulia haumtii. Kilikuwa kiharusi.

Hatusemi kwamba lau angemeza vidonge asingepatwa; hayo yamo katika ilimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini twajua kuwa dawa aliyoiacha huwekwa ili kupunguza jambo lile lile lililompata. Na tena twajua jambo la pili, nalo ni zito kwetu kulisema: meza ile tuliiruhusu sisi. Mmoja wetu alisimama baada ya sala akawataarifu watu kuwa pana dawa za Sunna nje, wakanunue wapate baraka. Hakuna aliyemuuliza mwenye meza hata neno moja. Kwa hivyo maneno haya twajiambia sisi kwanza kabla ya kuwaambia wengine.

Tuanze na Hadithi yenyewe, kwani ndiyo inayouza chupa. Hadithi ya habasoda ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, ya kuwa ndani yake mna shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hatuikatai wala hatuna ruhusa ya kuikataa. Lakini wanavyuoni waliotutangulia hawakuisoma kama anavyoisoma mwenye meza. Al-Khattabi alisema kuwa hili ni neno la jumla lililokusudiwa jambo makhsusi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kutibu maradhi yote. Na Ibn Hajar ameinakili kauli hiyo katika sharhe yake ya Bukhari. Hali kadhalika asali: aya ya Sura ya an-Nahl yatufahamisha kuwa mna shifaa ndani yake, wala haikusema kuwa hapana shifaa nyingine nje yake.

Sasa tazameni. Jina hili la kolesteroli lilitungwa na Mfaransa aitwaye Chevreul mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo hakuna Mwarabu wala Mzungu aliyelijua. Basi mtu anapoandika juu ya chupa kwamba Mtume (S.A.W.) ameagiza mafuta haya kwa ajili ya kolesteroli, amemtilia Mtume kinywani neno asilolisema. Na sote twajua Hadithi mutawatiri juu ya mwenye kumzulia Mtume uwongo kwa kusudi, na makao aliyoahidiwa. Watu wengi huona khofu kubwa kuzua Hadithi katika mambo ya sala, na hawaoni lolote kuizua katika biashara.

Mafuta haya ni kitu gani? Si uchafu wala si najisi. Kila chembe ya mwili yayahitaji, na ini lenyewe huyatengeneza. Sehemu kubwa ya yaliyomo damuni hutoka kwenye ini, si kwenye sahani. Yakizidi, hasa ile namna yake iitwayo LDL, hujipenyeza katika kuta za mishipa, yakajenga uvimbe polepole kwa miaka mingi, mpaka siku moja uvimbe ule hupasuka, damu ikaganda, na moyo au ubongo ukakosa damu. Katika miaka yote hiyo mwenyewe hasikii kitu. Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, kwa kuwa tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu na kuipima dawa kwa nafuu. Maradhi haya hayana maumivu mpaka yamekwisha kufika, na dawa yake haina nafuu inayohisiwa. Aliyekunywa mafuta ya habasoda akasema "najihisi mzima" amesema kweli. Lakini alikuwa akijihisi mzima hivyo hivyo kabla ya mshtuko wa moyo.

Kwa hivyo hapana njia ila kupima damu na kuhesabu watu. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi za kaskazini ya Ulaya kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu yao walipewa kidonge kiitwacho simvastatini, na nusu wakapewa kidonge kitupu kinachofanana nacho, wala hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya miaka mitano na zaidi, waliokufa katika wale wa kidonge kitupu walikuwa 256, na katika wale wa dawa 182. Tofauti ni watu 74, na kila mmoja wao ni baba wa mtu au mama wa mtu.

Na kitunguu saumu? Hicho nacho kimepimwa, wala hakikudhulumiwa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watu 192 walipewa kwa miezi sita, wengine kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vyake vya namna mbili, wengine kitu kitupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: LDL haikushuka kwa yeyote katika makundi hayo kwa kadiri ya kutajika. Tena mwaka 2022 Cleveland Clinic ya huko huko Marekani ilitangaza utafiti wa watu 190 kwa siku 28. Wengine walipewa statini iitwayo rosuvastatini kwa kipimo kidogo cha miligramu 5, na wengine mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, bizari ya manjano, mchele mwekundu wa Kichina, au mafuta ya mimea yaitwayo steroli. Statini ilishusha LDL kwa kiasi cha asilimia 38. Vile vingine havikuzidi kidonge kitupu. Na kitunguu saumu kiliongeza LDL kidogo. Wala tusifiche: fedha za utafiti huu wa pili zilitoka kwa kampuni iliyoitengeneza rosuvastatini. Lakini ule wa Stanford ulikuwa kwa fedha za serikali, na habari ya kitunguu saumu ni ile ile. Ama habasoda, ziko tafiti ndogo ndogo zilizoona yapunguza mafuta kidogo. Aipendaye na aile. Lakini kidogo si sawa na kile alichohitaji mzee wetu.

Watu husema: sisi twataka kitu cha asili, hatutaki cha viwandani. Neno hili yafaa tulitazame, kwani ndilo lililobeba mengi. Statini ya kwanza ilipatikana mwaka 1973 na Mjapani aitwaye Akira Endo, ambaye amefariki mwaka 2024. Alikaa akichunguza maelfu ya namna za kuvu na ukungu, akitafuta uliojaaliwa kitu cha kuzuia kazi ya kutengeneza kolesteroli, mpaka akaupata ukungu wa rangi ya buluu na kijani uotao juu ya mchele. Ukungu huo aliuumba nani? Na ule mchele mwekundu wa Kichina, unaouzwa kuwa dawa ya asili isiyo na madhara, ndani yake mna kitu kiitwacho monakolini K, ambacho ndicho lovastatini yenyewe, statini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwenye kukimbia statini akaushika mchele huo amekimbia mlangoni akaingilia dirishani. Ila alipoingilia hapana mizani, hajui amemeza miligramu ngapi, na mara nyingine amemeza pamoja nayo sumu iitwayo sitirinini, ambayo hudhuru mafigo.

Wako pia waliotuuliza kama vidonge vya hospitali vina nguruwe. Ni swali la haki, muulizeni mwuza dawa, asome karatasi iliyomo. Twastaajabu tu kwamba hakuna aliyetuuliza swali hilo juu ya zile tembe laini za mafuta ya samaki, ambazo ganda lake aghlabu ni jelatini iliyotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe ni mmoja wao.

Wengine husema makampuni ya dawa yataka faida. Ni kweli, yataka. Na mwenye meza ataka nini? Atorvastatini ilikwisha muda wa kumilikiwa na kampuni moja huko Marekani mwaka 2011, na sasa viwanda vingi huitengeneza. Simvastatini imekuwamo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Ulizeni bei ya vidonge vya mwezi mzima, kisha mlinganishe na ile chupa yenye picha ya msikiti wa Madina.

Hatusemi kuwa vidonge havina madhara. Huleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu. Mara chache sana misuli huharibika kweli kweli, na mwenye kuona mkojo wa rangi nyeusi asingoje kesho. Huongeza kidogo uwezekano wa kisukari kwa aliyekuwa karibu nacho. Mama mwenye mimba amwambie tabibu wake mapema, kwani kwa kawaida huambiwa aviache. Na juisi ya balungi haifai pamoja na baadhi yao. Lakini mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyasikia, wakapewa miezi mingine statini na miezi mingine kidonge kitupu, bila kujua. Sehemu tisa katika kumi za taabu waliyoisikia kwa statini waliisikia vile vile kwa kidonge kitupu. Khofu nayo huuma.

Wala hatusemi kuwa chakula si kitu. Samli, nyama ya mafuta, tui zito la nazi katika kila chungu, vyote hivi hupandisha LDL, na sisi watu wa pwani twajua tunavyokula. Kunde, mbaazi na mboga zasaidia, na kutembea kwasaidia. Na kiko kitu katika Sunna ambacho tafiti zimekikubali: shayiri. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwaagizia wagonjwa na wafiwa talbina, nayo ni uji mwepesi wa unga, aghlabu wa shayiri, kwa alivyosikia kwa Mtume, na katika shayiri mna nyuzi zinazoyavuta mafuta tumboni yakatoka, hata kolesteroli ikashuka kiasi. Ajabu ni kuwa uji huu hatukuuona juu ya meza ile. Pengine kwa kuwa kila mtu aweza kuupika kwake.

Lakini wako watu, kiasi cha mmoja katika kila 300, ambao wamezaliwa na kolesteroli ya juu kwa kurithi, na hao hata wakila shayiri tupu haitawatosha. Na aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo, uji wake uwe pamoja na kidonge, usiwe badala yake.

Ama kutawakali, Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua kifua, imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume alimwendea, akamwekea mkono wake wenye baraka, kisha akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa ni mtu aliyejua utabibu. Mkono wa Mtume ulikuwa juu ya kifua chake, na bado alielekezwa kwa tabibu. Na ni Abu Dawud huyo huyo aliyepokea kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ni yake. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu ya fidia. Hatujui mwenye meza amewahi kuisikia Hadithi hiyo. Sisi tulikuwa tumeisoma.

Kwa hivyo tumekubaliana katika darsa, na imamu ameridhia, kuwa hakuna tena atakayeuza dawa mlangoni siku ya Ijumaa, wala hakuna tangazo la dawa baada ya sala. Auzaye habasoda kuwa chakula na auze sokoni. Na aliyeacha vidonge vyake kwa neno alilolisikia kwetu, twamwomba arudi kwa tabibu wake wiki hii, apimwe damu, amwambie kila alichokunywa bila kuona haya.

Yuko aliyeuliza habari ya Ramadhani. Statini humezwa mara moja kwa siku, na usiku wafaa, basi funga haina taabu nayo; ameze baada ya tarawehe. Mzee wetu sasa humeza chake wakati huo huo baada ya isha. Mjukuu wake humshikia gilasi, kwani mkono wa kulia haujarudi.

Wallahu aalam.