Kitambulisho cha Mama Kimo Sandukuni



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lisilotajwa katika semina za ndoa, ingawa hutuingilia nyumbani kila baada ya miaka mitano. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alibaki nyuma akikunja mkeka uliokwisha kukunjwa. Kisha akaniambia, "Katekista, baba watoto amefungia kitambulisho changu sandukuni. Asema nitakipata Jumatano." Uchaguzi ulikuwa Jumanne.

Labda wewe baba unasoma ukurasa huu huku ukitabasamu. Najua utasema wewe ndiwe kichwa cha nyumba, na nyumba haina vichwa viwili. Maandiko pia utanitajia: Waefeso 5, aya ya 22. Ajabu ni kwamba wanaume wengi hawaanzi na aya ya 21, ambamo Mtume Paulo anawataka wote wanyenyekeane kwa kumcha Kristo; wala hawafiki aya ya 25, ambamo mume anadaiwa upendo wa kuutoa uhai wake. Kristo ni kichwa cha Kanisa, lakini hamfungii mtu. Hata Yuda alipoinuka kutoka mezani, mlango ulikuwa wazi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka wa 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba dhamiri ni mahali pa ndani kabisa ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Mume hana ufunguo wa mahali hapo. Wewe huingii na mkeo katika kitubio ili usikie anachoungama. Basi kile kibanda cha kupigia kura hufanana kidogo na kitubio, maana huingia mmoja. (Nimesema kidogo, msije mkanishtaki kwa paroko.) Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inahesabu kupiga kura kuwa wajibu wa raia pamoja na kulipa kodi. Haikusema raia mwanamume. Anayemzuia mkewe anamzuia asitimize wajibu wake mbele ya Mungu. Serikali nayo haikubali: Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkataza mtu kumlazimisha mwenzake apige kura au asipige.

Tena wako akina baba ambao ugomvi wao si wa chama bali ni wa pesa. Mtu wa mgombea amepita bomani, baba ameahidi kura nne, akapokea noti mbili tatu. Ndugu yangu, Esau alikuwa mpumbavu, lakini aliuza haki yake mwenyewe. Wewe umeuza ya mkeo, na dengu hukumwonjesha.

Msidhani nawahubiria kutoka juu ya mlima. Mke wangu ni wa kabila lingine. Tarehe 27 Desemba 2007 nilitia kitambulisho chake na kadi yake ya kura katika mfuko wa koti langu, nikaenda kupiga kura peke yangu, kwa kuwa nilijua angempigia mtu wa kwao. Alishinda jikoni na hakusema neno. Siku tatu baadaye matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka moto. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa. Barabarani vijana waliweka mawe na magogo, wakadai vitambulisho ili wasome majina. Nilimrudishia mke wangu chake usiku, naye akakifukia ndani ya gunia la mahindi. Mimi nilikuwa nimekificha kwa sababu ya kabila lake, na sasa yeye alikificha kwa sababu hiyo hiyo. Niliona kwamba mimi na wale vijana tulikuwa tumesoma mstari mmoja, ule wa jina, tukaishia hapo. Kuungama kwa padre kulinichukua dakika kumi. Kumwomba mke wangu radhi kulinichukua miezi.

Mama, nawe nina neno kwako. Usingoje usiku wa kuamkia uchaguzi, wakati redio imekwisha kumpandisha mzee damu. Zungumza naye mapema, akiwa ameshiba na ametulia. Asiposikia, waite wasimamizi wenu wa ndoa. Hawakuletwa kanisani siku ile kula keki tu. Kama katika nyumba yako kuna kupigwa, usikabiliane naye peke yako kwa ajili ya kura; mwone paroko, na chifu pia, kwa maana hapo shida imekwisha kupita uchaguzi.

Wala msiogope kutofautiana. Mke wa Pilato alimpelekea mumewe ujumbe, kama tusomavyo katika Mathayo 27, aya ya 19, asiwe na neno na yule mwenye haki. Katika shauri lile lote, yeye ndiye aliyeona vizuri. Bwana alikuwa na madaraka, akanawa mikono.

Jioni ile nilikwenda kwa baba wa sanduku. Biblia niliiacha nyumbani, nikamsimulia habari za gunia la mahindi. Hakunijibu kitu, alinikaribisha chai. Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilimwona mama yule katika foleni, na mumewe nyuma yake, watu watatu katikati yao. Mzee ameniambia kwamba hadi leo hajui mkewe alimpigia nani, na kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi mpaka Krismasi.